Bibi Aliyeimba Besi

Ukumbi mzima ulisimama! Jamani, tuanzie hapo, maana mwenyewe angeanzia hapohapo. Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2008, kwaya ya simfonia ya mtaa wetu, kwaya ya mafundi, wauguzi na wauza nyanya, ilipigiwa makofi mpaka mpiga ngoma kubwa akalia kama mtoto. Aliyeianzisha ni marehemu, Bibi Besi.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa tano wa fundi bomba na mshona nguo. Alilia kwa sauti nzito, mkunga akasema, "Dume hilo!" kabla hata hajaangalia.

Alisoma hadi darasa la saba. Kwaya ya shule ilimkataa, eti msichana haimbi besi. "Sasa mwalimu, hii inayotoka kooni kwangu ni nini?" aliuliza. Akatolewa nje. Akaimbia dirishani.

Mwaka 1968 aliajiriwa kiwanda cha mikate, kwenye tanuri. Mwaka 1971 aliolewa na dereva wa gari la mikate, ambaye kuimba hajui hata kidogo, na nyumbani hajawahi kuambiwa anyamaze.

Mwaka 1983 aliwakusanya wenzake wa zamu stoo ya unga. Noti za muziki hakuna aliyejua kusoma, kwa hiyo sheria ikawa moja: ukiishika sauti yako, mfundishe mwenzako ana kwa ana, ndio upewe kiti. Zikaja fidla, yakaja matarumbeta, wakapata na ukumbi wa manispaa.

Mwaka ule wa 2008 wasimamizi wa ukumbi wakaleta masharti: imbeni mbele ya watu, chini ya mwongozaji mwenye cheti, mkiboronga, mnatoka. Mwongozaji akagundua besi wote wanaivuta noti ya mwisho kupita kiasi. Kosa lilikuwa la Bibi. Kazini alizoea kushikilia sauti mpaka mlango wa tanuri ufungwe, na alivyowafundisha ndivyo walivyofundishana.

"Mama, hili ni kosa."

"Mwanangu, la mtu mmoja ni kosa. La watu sitini ni mpangilio."

Siku yenyewe mwongozaji akashusha mkono kuwakata. Besi hao, wanaendelea! Wapiga fidla wakatazamana, wakarudi kuwasindikiza. Mwongozaji naye akauinua mkono tena, angefanyaje? Watu wakasimama. Ukumbi ukabaki wa kwaya.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Daktari akamkataza kuimba. "Kufoka hujanikataza," akamjibu, na akaendesha mazoezi akiwa amekaa, mtungi wa oksijeni pembeni. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, dada mmoja, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na kwaya nzima.

Juzi, hata hajazikwa, wasimamizi wa ukumbi wametuma ujumbe: kwaya ipumzike kwanza mpaka apatikane kiongozi mwenye cheti. Hapana. Anayepumzika ni Bibi, na Mungu ampe amani hata kama atabishana naye kidogo. Kwaya haipumziki. Mazoezi ni Alhamisi hii, saa kumi na moja jioni, ukumbi uleule, na funguo anazo Babu, mumewe.

Tafadhali usiiache karatasi hii kwenye kiti. Mpe jirani yako naye aisome.