Ushauri Tuliompa Talha

Kijiwe chetu kiko Magogoni, ubavuni mwa kinyozi: mbao mbili juu ya matofali, dele langu la kahawa juu ya makaa, na sahani ya kashata ambayo nzi huifikia kabla ya wateja. Mimi ndiye nimiminaye kahawa, kwa hivyo husikia mengi na kusema machache. Baada ya Alasiri wenyewe huja. Kreni, jina lake hasa Mansur, aliendesha kreni bandarini miaka ishirini na minane, na hadi leo huwatazama watu kana kwamba bado yuko juu. Redio ni Tsuma, fundi wa baiskeli, na hilo jina halihitaji maelezo. Jumatatu moja alikuja Talha, mwalimu wa sekondari kule Utange, na barua ndani ya simu yake. Chuo kikuu kimoja cha Nairobi kilikuwa kimemkubali kusomea shahada ya pili ya saikolojia, na kilitaka jibu kufikia Ijumaa.

Alimwamkia Kreni shikamoo, akapewa kikombe, akaeleza. Hakuja kuuliza aende au asiende. Hilo alilitaka tangu mwaka ule mwanafunzi wake wa kidato cha tatu alipoacha kusema darasani, kisha akaacha shule, na yeye mwalimu wake hakujua la kufanya. Kilichomkwamisha ni mamake. Bi Mwanakheri amesikia saikolojia akaelewa wazimu, na tangu hapo hataki kulisikia jambo lenyewe. Talha alitaka tumwambie namna ya kumuanza.

Kreni akasema kwanza anunue vitabu vyote vya masomo hayo na avimalize kabla ya kwenda, asije akaaibika mbele ya watu wa bara.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema. Ndiyo maana kitu hufanywa chote mara moja.

Talha akamkumbusha kwamba ameuliza habari ya mamake. Redio akasema hilo ni jepesi: amwambie anaenda kusomea uhasibu. Kwanza atakuwa amejikinga na hasadi, maana barua kama ile haionyeshwi watu. Talha akasema huko ni kumdanganya mzazi. Redio akasema si kudanganya, ni kuweka akiba ya maneno, na akiba haiozi.

Hapo Kreni akaweka kikombe chini. Alimjua mtu wa Changamwe, akasema, aliyesoma mambo ya vichwa vya watu mpaka akawa hakuitikii salamu bila kukuuliza jana uliota nini. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa hivyo Talha apimwe akili kabla ya kwenda, apewe cheti, akitie fremu, akitundike sebuleni mamake akione kila aamkapo. Redio akaona cheti hakitoshi. Bora Talha ajifunzie hapa hapa kijiweni, aanze na Kreni. Kreni akauliza yeye ana nini. Redio akaanza kumhesabia, na alipofika la sita tukawa tumesahau tulianzia wapi. Talha alikuwa ameshika kikombe chake tu, kahawa imepoa.

— Wazee wangu, akasema, nimeuliza jambo moja. Mamangu nimuanze vipi?

— Twaja huko, akasema Kreni. Usitukimbize.

Hatukufika. Mwanamke mmoja alisimama kando ya mlango wa kinyozi, amejitanda leso, akabisha hodi kama vile kijiwe kina mlango. Alikuwa Jumwa, mgeni mtaani. Yeye na mumewe walihamia mwezi uliotangulia. Dukani ameambiwa kwamba hapa hukaa mwalimu anayesomea akili za watu. Mumewe, Karisa, ni mwashi. Wiki tatu zilizopita mwenzake alianguka kutoka juu ya jengo, akafa mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo Karisa hukaa kitandani, akilishwa hula, lakini hajatamka neno. Hospitali walimpima mwili, hawakuona kitu.

— Nanyi mwakaa hapa kutwa mwazungumza, akasema Jumwa. Basi niambieni. Mtu akinyamaza hivyo, huambiwa nini?

Kreni akatazama ndani ya kikombe chake. Redio akajifuta mikono kwa kitambaa na mikono ilikuwa safi. Mimi nikachochea makaa.

— Sijui, dada, akasema Talha. Hayo ndiyo niendayo kuyasoma. Lakini wako wanaoyajua, nitakupeleka ukaonane nao. Na kwa sasa, ukiniruhusu, naweza kuja kukaa naye.

Wakaondoka pamoja. Kreni akaninyooshea kikombe. Nikainamisha dele, yakatoka machicha matupu. Siku hiyo hakuna aliyelalamika.

Yaliyofuata aliniambia Jumwa mwenyewe, na ya nyumbani kwao akaniambia Talha. Jumanne Talha alikwenda naye hospitali, wakapewa siku ya kumleta Karisa. Na kila jioni, akitoka shule, aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda akasahihisha madaftari, bila kumuuliza mgonjwa chochote. Bi Mwanakheri alimuuliza mwanawe anapotelea wapi, naye akamweleza, hakuongeza wala hakupunguza.  Alhamisi mama alimpa mwanawe mkate wa sinia, umefungwa kwa kitambaa.

— Mgonjwa haendewi mikono mitupu, akamwambia. Na huko Nairobi kuna baridi, utahitaji sweta.

Jioni hiyo Karisa alimega mkate kwa mkono wake. Akatafuna taratibu, akimtazama Talha na rundo lake la madaftari.

— Kwani wewe huna kazi? akauliza.

Jumwa aliyasikia hayo akiwa jikoni, akaacha chungu motoni akaja mlangoni.

— Ninayo, akajibu Talha. Lakini Septemba naenda kusomea nyingine.