Jeti Kubwa kwa Asubuhi ya Baridi

[Simu inakwaruza. Upepo mkali.]

FERMÍN: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Nasikia upepo tu.

ODILIA: Ni mimi, baba. Odilia. Shikamoo.

FERMÍN: Mara— Odilia? Marahaba, mkwe wangu! Ngoja nitoke jikoni. [Mlango unafungwa.] Haya sema, ila taratibu. Mama mkwe wako Consuelo anafunga tamale kwenye maganda ya mahindi hapo, masikio kayatega.

ODILIA: Mama mkwe wa zamani. Talaka ilishatoka, baba.

FERMÍN: Talaka mlipeana nyie na Lalo. Mimi hakimu hakuniuliza. Uko wapi?

ODILIA: Glamis. Kwenye milima ya mchanga.

FERMÍN: Na—

ODILIA: Na pikipiki, ndiyo. Ile ya magurudumu manne tuliyoijenga gereji kwako. Nimeivuta kwa trela, peke yangu.

FERMÍN: Na Lalo yuko huko.

ODILIA: Mwanao yupo, na pikipiki mpya inang'aa kama jino la dhahabu. Tunashindana kupanda kilima sambamba, mimi na yeye. Kambi nzima inasubiri hilo tu.

FERMÍN: Ah, binti. Usinitie katikati. Yule ni damu yangu.

ODILIA: Sijakuomba umshangilie mtu. Nina swali la kabureta, basi.

FERMÍN: Huko mafundi wamejaa kama nzi. Muulize mmoja.

ODILIA: Wote wanakunywa bia ya Lalo! Na injini hii uliijenga wewe, mimi nikikushikia taa.

FERMÍN: Hukushika taa. Ulishika spana. [Anakohoa.] Lakini mimi sisemi kitu.

ODILIA: Kasimama mbele za watu, baba. Kasema injini itapasuka kabla sijafika nusu ya kilima. Eti nikimwomba kwa adabu, atanisetia kabureta.

FERMÍN: Ukamjibuje?

ODILIA: Nikamwambia bora niisukume kwa mikono mpaka juu.

FERMÍN: [Anacheka, anajizuia.] We mtoto una kichwa kigumu! Sasa nisikilize. Pistoni ikiungua kwenye mwendo, magurudumu yanagoma, unarushwa kama gunia. Funga trela, urudi. Consuelo atakuwekea tamale.

ODILIA: Sirudi.

FERMÍN: Odilia—

ODILIA: Sirudi! Tangu Lalo aondoke, mimi ndiye ninayepita sokoni kichwa chini. Mimi! Kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. Leo nimekuja mchana kweupe, na nitapanda. Ipasuke, isipasuke.

FERMÍN: [Sauti ya chini.] Na yule... yule mwanamke wake wa Yuma. Kaja?

ODILIA: Kaja. Amevaa helmeti yangu.

FERMÍN: Helmeti ipi?

ODILIA: Yenye ndege wekundu.

[Mtandao unakwaruza.]

ODILIA: Haloo? Baba? Umekatika?

FERMÍN: Ile niliyoipaka rangi mimi.

ODILIA: Hiyo hiyo.

FERMÍN: [Anashusha pumzi.] Washa injini. Sogeza simu kwenye eksozi. Vuta mafuta mpaka mwisho, halafu uachie.

[Injini inanguruma, inapanda, inakereketa.]

FERMÍN: Zima! Zima, zima, zima!

ODILIA: Nimezima! Nini?

FERMÍN: Inakula kavu. Umesikia kule juu, kama mtu anatafuna changarawe? Hewa nyingi, mafuta kidogo. Jeti zilizomo, hivyo vitundu vya kupitisha mafuta, aliweka nani?

ODILIA: Lalo. Ile Julai, jua la kukaanga yai kwenye boneti.

FERMÍN: Na leo?

ODILIA: Leo nikisema natoa moshi mdomoni.

FERMÍN: Basi ndiyo hiyo. Hewa ya baridi ni nzito, inadai mafuta zaidi. Tundu la Julai halitoshi Novemba. Hata yeye anajua. Aliyeziweka ni yeye, kwa hiyo alijua kabisa ita—

ODILIA: Maliza, baba.

FERMÍN: Fungua plagi. Niambie rangi.

ODILIA: Subiri... aah, ina moto! Ya kushoto nyeupe. Ya kulia... nyeupe, kama chaki.

FERMÍN: Bikira Maria. Tunataka rangi ya chokoleti. Jeti za akiba unazo?

ODILIA: Kopo la peremende, limejaa. Zilizomo ni mia tatu na kumi.

FERMÍN: Weka mia tatu na thelathini. Kabureta zote mbili, namba moja. Ukichanganya, silinda moja inashiba, mwenzake anakufa njaa. Funga petroli kwanza! Na utandike kitu safi chini. Punje moja ya mchanga ikiingia humo, umekwisha.

ODILIA: Nimetandika shali. Nafungua nati ya chini ya bakuli la kabureta... inatoka... petroli imenimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Baridi hiyo!

FERMÍN: Vumilia.

[Sauti ya mwanamke, mbali.]

FERMÍN: Ni fundi bomba, mke wangu! ... Bomba la bafuni! ... Eh?

ODILIA: Anasemaje?

FERMÍN: Anauliza tangu lini fundi bomba akaseti kabureta. Anasema ufunge shingo, huko kuna upepo.

ODILIA: Mwambie nimefunga.

FERMÍN: Shali si umeitandika chini?

ODILIA: Mwambie nimefunga, baba.

FERMÍN: Haya. Kafunga, mama! ... Jeti ya kwanza?

ODILIA: Imekaa. Ya pili— ooh! Ooh, hapana!

FERMÍN: Nini tena?

ODILIA: Imeniponyoka. Imeangukia mchangani.

FERMÍN: Usinyanyue mguu! Ganda hapo hapo. Zunguka kwa macho tu.

ODILIA: Naona... hapana, kokoto. Na hawa wananicheka, mmoja anapiga mluzi. Piga tu, mwanaume mzima! ... Hii hapa. Ninayo!

FERMÍN: Isuuze kwa petroli. Usichokonoe na waya, utapanua tundu. Puliza. Sasa ielekeze juani, uchungulie.

ODILIA: Naona mwanga. Mviringo safi.

FERMÍN: Iweke. Anza kwa vidole, shaba hiyo, ukilazimisha inakata uzi. Ikikataa, itoe uanze upya.

ODILIA: Inaingia... imekaza. Nati imerudi. Petroli wazi. Haivuji.

FERMÍN: Washa.

[Injini inawaka, nzito. Inapanda bila kukereketa.]

FERMÍN: Hapo! Hapo sasa inaongea! Mwendo wa chini inaguna kidogo?

ODILIA: Inaguna, ndiyo.

FERMÍN: Iache igune, juu itaimba. Na kilimani, Odilia, usiachie mafuta. Moyo utakwambia achia. Usiusikilize.

[Honi, nyingi.]

ODILIA: Wananiita, baba. Twende.

FERMÍN: Usikate simu! Itie mfukoni.

[Kitambaa kinakwaruza. Injini mbili. Kelele za watu, kisha mlio mmoja mkubwa.]

FERMÍN: Haya... vuta... gia. Gia, mwanangu, gia! ... Hapo. ... Nani huyo anayekohoa? Huyo si wewe. Wewe unaimba. ... Usiachie. Usiachie. [Sauti ya mwanamke, karibu.] Njoo, mke wangu, leta sikio. Kimya. Sikia. ... Usiachie...

[Mlio unashuka ghafla. Upepo mtupu.]

FERMÍN: Odilia? ... Odilia! Mungu wangu— Odilia!

ODILIA: [Anahema.] Niko juu.

FERMÍN: Sema tena!

ODILIA: Niko juu, baba! Kileleni kabisa, naona mpaka reli! Yeye kabaki katikati, kaachia mafuta, mchanga umeyala magurudumu. Sasa anageuza kama punda aliyechoka. Na kule chini wananipigia honi. Wao wenyewe! Mwenye mluzi naye anapiga!

FERMÍN: Angalia... angalia plagi.

ODILIA: Nitaangalia. Baba, uko sawa?

FERMÍN: Mama yako kanibana mkono, siwezi hata kushika simu vizuri. Ngoja. Kuna mlio humu, mtu mwingine anapiga. [Anatazama simu.] Ni Lalo.

ODILIA: Namwona! Kashuka kwenye pikipiki, simu iko sikioni, mkono mwingine kiunoni.

FERMÍN: Bila shaka anataka kujua umeweka jeti namba ngapi.

ODILIA: Mpokee, baba. Ni mwanao, sitakasirika. Na simu yangu inaisha chaji.

FERMÍN: Nitampokea.

ODILIA: Utamwambia nini?

FERMÍN: Kwamba amekosea namba. Haya, kwaheri, kwaheri, na ukishuka ushuke pole pole, usije uka—

[Simu inakatika.]