Jiwe Lisifunuliwe Kabla Jina la Basile Halijachongwa

Risala ya wakazi wa Kalundu na wanajeshi wastaafu wa bandarini, inayosomwa na Agnès, katibu wao

Mgeni rasmi, Bwana Kanali, mkuu wa ofisi ya kumbukumbu za wanajeshi. Viongozi wa mtaa. Padri na wachungaji. Mama zetu mlioacha ndagala, dagaa wetu hawa, juani mkaja kusimama nasi: tumekuandikia, Bwana Kanali, barua tatu na hatukupata jibu. Leo tumekupata ana kwa ana. Kwa hilo tunamshukuru Mungu kwanza, na wewe wa pili.

KARIBU, LAKINI KETI KIDOGO

Karibu Kalundu. Kiti ulichokalia kimetoka kanisani, meza ni ya shule, na kitambaa kilichofunika jiwe ni cha Mama Léocadie. Tumefagia hapa tangu asubuhi. Ratiba yako tunaijua: risala ikiisha, usimame, uvute kitambaa, uweke shada la maua, tupige makofi, upande gari urudi mjini.

Tunakuomba usisimame upesi hivyo. Chini ya kitambaa kile kuna majina kumi na moja ya wanajeshi na waliowavusha, waliofia katika ziwa letu. Jina la saba ni la Kaporali Anastase. Bwana Kanali, Anastase ameketi mstari wa pili, mwenye koti la kijivu. Ndiye aliyekupokea mkoba ulipokuwa unashuka garini, nawe ukamwambia asante.

Watu wanacheka, nasi tulicheka tuliposikia. Marcellin, fundi aliyechonga lile jiwe, ndiye aliyetuletea habari. Alipofika jina la saba alitua nyundo, akaja mbio mpaka nyumbani kwa mwenye jina.

"Papa Anastase," alimwambia, "jana minye nilikuona kwa soko, ulikuwa unauza ndagala. Sasa nafanya namna gani? Nachonga ao naacha?"

"Chonga," Anastase akamjibu. "Acha bakuje balione."

Basi umekuja, na utaliona. Lakini si kosa hilo la kuchekesha lililotuleta hapa. Mtu anaweza kuishi akiwa marehemu kwenye karatasi. Anastase ameishi hivyo miaka mingi na bado anakula vizuri. Kuna kosa la pili, nalo halina kicheko hata kidogo.

SISI NI NANI

Sisi ni wapagazi wa bandari, wavuvi, wauza samaki, na wanaume na wanawake waliovua magwanda wakarudi kuishi ufukweni. Mawe ya msingi wa mnara huu yalibebwa vichwani na mama zetu. Mchanga tuliuchota wenyewe. Hakuna aliyetulazimisha, kwa sababu waliozama ni wetu. Kwa hiyo tunajiona tuna haki ya kusema nani aandikwe hapo na nani asiandikwe.

Tuna desturi moja ambayo lazima tukueleze, maana wewe hukuzaliwa huku, na kosa lote limetoka hapo.

Mtu akipotelea ziwani na mwili wake usionekane, nyumba yake haiwezi kumaliza msiba bila kuzika. Basi hukatwa mgomba. Hupimwa kwa urefu wa aliyepotea, huvishwa shati lake, hulazwa ndani ya sanduku, na huzikwa kwa sala na nyimbo kama anavyozikwa mtu. Tangu sanduku lifungwe, hakuna anayeruhusiwa kulitaja neno mgomba. Tunamtaja mwenyewe kwa jina lake. Ukimwuliza yeyote aliyesimama pale, "Mnamzika nani?", atakutajia jina, na atakutajia akilia machozi ya kweli.

Tena, mwenye kutoa ruhusa ya kuukata ni mmoja tu: mke, au mzazi. Akikataa, hakuna wa kumsukuma, hata awe mchungaji, hata awe chifu. Kukata mgomba ni kukubali kwamba mtu wako harudi tena. Wapo waliokataa mpaka wakafa.

YALIYOTOKEA MWAKA WA 2011

Mwezi wa tatu mwaka ule, wanajeshi wawili walitumwa kutoka hapa kwa mtumbwi wa kukodi kupeleka dawa kwenye kituo cha kusini. Mmoja alikuwa Kaporali Anastase, mzaliwa wa Kalundu hii, anayeogelea tangu utoto. Wa pili alikuwa Basile, mwana wa Mama Agathe wa Bwegera, mtu wa mashamba ya mpunga. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakujua kuogelea kabisa.

Mchana dhoruba ikawakamata. Mtumbwi ulipinduka, na ubavu wake ukamvunja Anastase mguu. Mwenye mtumbwi hakuonekana tena. Jina lake ni la pili kwenye jiwe, na limeandikwa sawasawa. Wale wawili walishika bidoni moja, dumu tupu la njano. Bidoni ile ilimtosha mmoja, wawili iliwazamisha. Anastase aliona macho yakiingia giza kwa maumivu, na vidole vikaanza kuachia. Hapo Basile alivua mkanda wake wa jeshi, akaupitisha kifuani mwa mwenzake, akamfunga kwenye mkono wa bidoni.

"Weye uko na watoto," alimwambia. "Minye niko na mama tu. Utamwambia."

Wimbi lililofuata lilimpita Anastase, na lilipopita, alikuwa peke yake.

Wavuvi wa Ubwari walimwokota siku ya pili, amefungwa bado. Alilala kwao miezi mitano, na homa, na mguu uliokataa kuunga. Alituma habari nyumbani kwa mchuuzi wa samaki, lakini mchuuzi yule alikuwa amehudhuria mazishi ya Anastase na kula chakula cha msiba, basi alidhani anataniwa. Hakuifikisha.

Ndiyo, mazishi. Wiki ya tatu Mama Léocadie, mke wa Anastase, alikubali mgomba ukatwe. Batalioni ilimtuma sajenti mwandishi kuja kushuhudia. Alikuwa mtu wa mbali, kijana mwenye adabu. Alisimama, akapiga saluti, kisha akauliza kama tulivyokwisha kusema: "Mnamzika nani?" Tukamjibu, "Anastase." Alitoa karatasi, na watu kumi na mmoja wa hapa wakatia sahihi kwamba wamemzika Kaporali Anastase. Sita kati yao wamesimama mbele yako leo. Hatukukusudia kudanganya serikali. Tulifuata miiko ya msiba, na hatukufikiri kwamba karatasi haina miiko.

Kisha sajenti akaenda Bwegera. Alimkuta Mama Agathe shambani, magoti ndani ya maji, anapandikiza mpunga. Akamwuliza kaburi la mwanawe liko wapi.

"Kaburi ya nani?" Mama Agathe akasema. "Mutoto wangu bado hayarudi, lakini atarudi. Minye nikizika, njo minye nimemuua."

Alikuwa amekataa mgomba, na ilikuwa haki yake. Sajenti alirudi na hesabu yake nyepesi: waliondoka wanajeshi wawili, kaburi ni moja, na wa pili mama yake mwenyewe anasema yu hai na atarudi. Akaandika kwenye kitabu: Anastase, amekufa kazini, amezikwa. Basile, mtoro.

Hivyo ndivyo aliye hai alivyofanywa marehemu mwenye heshima, na aliyekufa akimwokoa mwenzake akafanywa mtoro.

TULICHOKIPATA BAADAYE

Anastase aliporudi akichechemea, Mama Léocadie alimtazama mlangoni, akasema: "Minye nilikulilia sana. Acha kwanza nipumuzike, njo nifurahi." Akakaa chini. Baada ya hapo alipiga vigelegele mpaka Mulongwe wakasikia.

Yeye Anastase hakukaa kusherehekea. Mguu ukiwa bado umevimba, alipanda lori mpaka Bwegera, akamwambia Mama Agathe maneno aliyotumwa. Alikuta wanajeshi wamefika nyumba ile mara mbili kumtafuta mtoro, wametoboa magunia ya mpunga kwa visu. Alikuta majirani hawamsalimu tena mama yule. Wadogo zake Basile walikuwa wanaitwa barabarani kwa jina hilo moja. Anastase alilia mbele ya watu, mtu mzima, na aliapa kwamba kitabu kile kitafutwa.

Batalioni ilikuwa imekwisha kuhamishwa. Kapiteni mmoja alimpokea katika kikosi kingine kwa barua ya mkono, na Anastase akatumikia huko miaka saba. Alipostaafu ndipo alipoanza kuzipanda ngazi za ofisi, na tungependa, Bwana Kanali, uyasikie mazungumzo ya huko kama alivyotusimulia.

"Papa, hapa kwa kitabu weye ulishakufa," karani alimwambia. "Iko kaburi, iko rapport ya sajenti, iko na bashahidi kumi na mumoja."

"Mu ile kaburi iko mugomba."

"Basi utuletee attestation, cheti ya mugomba."

Alipeleka mkanda wa Basile, wenye namba yake ya jeshi iliyochomwa kwa msumari upande wa ndani. Karani aliugeuzageuza, akasema ni mali ya serikali na ulitakiwa kurudishwa zamani. Anastase aliuvuta kutoka mikononi mwake, akauvaa palepale juu ya mkanda wake, akatoka. Mpaka leo hauvui. Tunasema wazi kwamba alifanya vizuri.

Mara ya saba, mwaka jana, walimwita kwa heshima, wakampa kiti. Walikuwa tayari kumfufua. Karatasi ilikuwa imeandaliwa: Anastase yu hai, miaka yake yote ya utumishi inarudi, jina lake linasafishwa. Alitakiwa kutia sahihi mahali pamoja tu. Aliomba asomewe mstari wa mwisho. Mstari ule ulisema kwamba yeye ndiye pekee aliyebaki kazini siku ile, na mwenzake aliondoka bila ruhusa.

"Andika vile, Papa," karani alimbembeleza. "Ule mwengine haiko muntu anamuuliza."

"Minye namuuliza," akasema Anastase, akairudisha kalamu juu ya meza.

Alirudi nyumbani akiwa marehemu kama alivyokwenda. Ana miaka sitini na minne sasa, na kifua kinamsumbua. Daktari amemwambia asipande tena ngazi nyingi. Anachoogopa si kufa. Kwenye kitabu chenu amekwisha kufa, amezoea. Anaogopa kufa kabla ya kumsafisha Basile, kwa kuwa yeye ndiye shahidi pekee. Akienda yeye, uongo utakuwa umeshinda na hapatakuwa na wa kuubishia.

TUNACHOTAKA

Kwa kawaida sehemu hii huitwa maombi. Sisi tumeomba vya kutosha.

Mama Agathe amekuja kutoka Bwegera. Yule pale, mwenye kitenge cha buluu. Tangu Anastase amweleze alijua mwanawe amekufa, lakini mpaka leo hajamzika. Tulimwuliza kwa nini, akatujibu hivi, nasi tumeyaandika bila kubadili neno: "Sasa nataka kuzika. Lakini nikizika mutoro, muntu hatakuja kulia na minye. Serikali iseme kwanza kama mutoto wangu hakukimbia, njo nikate mugomba." Ana miaka sabini na tisa, Bwana Kanali. Amekaa na msiba usioanza muda wote huu.

Kwa hiyo tunataka kitabu kifunguliwe hapa. Tunajua mmekuja nacho. Dereva wako ametuambia kimo garini, msimlaumu. Mbele ya jina la Basile neno mtoro lifutwe kwa mkono wako, iandikwe amekufa kazini akimwokoa mwenzake, na utie sahihi. Wale sita waliotia sahihi ya mazishi wako tayari kutia nyingine, na safari hii watasema mgomba kwa sauti. Wamekubali kuvunja mwiko huo mbele ya padri. Ukitaka kaburi lifukuliwe, majembe tunayo.

Marcellin amekuja na patasi yake. Ukisha kuandika, atalikwangua jina la saba na kulichonga la Basile, ndipo uvute kitambaa. Kabla ya hapo hakuna atakayekivuta, na hatutapiga makofi. Kama una haraka, barabara ni hii, hatutaizuia. Lakini maua yako utarudi nayo.

Jana jioni tulimsomea Anastase risala hii ili aseme kama tumekosea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba tuongeze maneno yake machache, naye hapendi kusema hadharani, kwa hiyo nayasoma mimi:

"Mon colonel, minye niko muzima, lakini hii haina kazi. Kama kitabu yenu haiwezi kusimama bila mutoro, muniandike minye. Sitabisha. Muache jina yangu ifutwe kwa jiwe, muandike nilikimbia na ule mwengine alikufa. Lakini Basile, mumutoe mule. Leo."

Sisi hatukukubali. Tulibishana naye usiku kucha, naye ni mtu mgumu, hakuyaondoa. Basi tumeyaacha, na tumeongeza yetu. Chini ya risala hii kuna sahihi mia tatu na kumi na mbili, na alama za vidole za wasiojua kuandika. Kila mmoja wetu ameandika jina lake lote na nyumba anayolala. Kama lazima awepo mtoro, Bwana Kanali, tuandike sote.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiotetemeka. Awalaze pema wote waliobaki majini, na amfungulie Mama Agathe msiba wake leo, kabla jua halijazama.

Ni sisi, wakazi wa Kalundu na wanajeshi wastaafu wa bandarini, tuliosimama hapa na tutakaobaki tumesimama.