Kiunzi cha Mwisho

Basi la kututoa kwenye mbio za farasi halijafika hata darajani, Malachy, muuza nyama wa mtaani kwetu, alishaanza. "Wametuibia! Kiunzi cha mwisho wanakiwekea bendera, farasi wapite kando, wakati wangu ndiye anayeruka kuliko wote? Yule aliyeshinda hawezi kuruka hata ndoo!"

Mwanamke wa kiti cha mbele akageuka. Mapajani alikuwa na hatamu iliyojaa matope. "Nyuma ya kiunzi hicho alikuwa amelala farasi wangu, bwana. Ulitaka wamrukie?"

"Si aliinuka!"

"Aliinuka kwa sababu hakuna aliyemkanyaga, mpumbavu wewe!"

"Alikuwa anapumzika tu, mama! Baa nzima tunachanga kumlisha farasi wetu, leo tumekosa kikombe kwa ajili ya usingizi wa wako!"

"Na kama wako ndiye angelala pale?"

"Wangu haanguki. Hajaanguka na hataanguka!"

Basi zima likatazama mikono yake. Huku kwetu Ireland mtu akijigamba hivyo hugusa ubao wowote upesi, mkosi usije ukamsikia. Hata wenzake wa baa waligeukia madirishani.

"Anakimbia tena lini?" yule mama akauliza, safari hii kwa upole.

"Jumamosi," Malachy akajibu.

Tulipofika stesheni, Malachy alishuka wa mwisho. Alikuwa akipapasa viti, kimoja baada ya kingine, akitafuta ubao. Basi lenyewe jipya. Lote plastiki na chuma.