Mzee Kimaiyo na Herufi Zenye Miguu

Nakuru, 22 Novemba 1957. Nimeahidi kusema yote ninayoyajua juu ya Mzee Hiram Kimaiyo, hata yale aliyoniomba niyaache. Tarehe thelathini mwezi huu anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane katika chumba cha chapa cha shule yetu.

Alianza mwaka wa 1929 akiwa mfagiaji. Mwaka uliofuata alikabidhiwa kasha la herufi za kuchapia za madini ya risasi, zile zenye miguu midogo, yaani vistari kwenye ncha zake, nene hapa na nyembamba pale kama zilizoandikwa kwa kalamu ya wino. Kila cheti cha ubatizo, kadi ya harusi na kitabu cha kusomea kilichotoka hapa amekipanga kwa vidole vyake, herufi moja moja. Husema hizo ni herufi zenye adabu: hazipigi kelele, na miguu yake huliongoza jicho lisipotee njiani.

Kwa kuwa herufi za risasi husomwa kinyume, Mzee husoma chochote kilichopinduliwa. Siku moja katika treni ya Naivasha alimpongeza abiria aliyeketi mbele yake kwa kupata mapacha. Maskini, mtu yule alikuwa hajafika mstari huo wa barua yake!

Kasha hilo lilitoka Ulaya, likiwa limejazwa kwa ajili ya Kiingereza, basi K zilikuwa chache mno kwetu. Harusi ya Kipketer na Chepkemei ilizimaliza. Mzee akajazia kwa K kubwa za matangazo ya mnada. Bwana harusi akaja mbio.

"Mzee, hii ni harusi ama mnada?"

"Na zile ng'ombe za mahari umesahau?"

Wakacheka, na kadi zikaenda hivyo hivyo.

Sasa zimefika herufi mpya zisizo na miguu. Ni safi, zinafaa kwa mabango, wala sizidharau. Lakini tuliwapa watoto wa darasa la kwanza ukurasa mmoja kwa herufi za aina zote mbili. Katika zile mpya neno "Ili" lilikuwa fito tatu za ua, wakakwama. Kwa zile za zamani walisoma mpaka chini.

Hata hivyo, Ijumaa ijayo kamati ya shule itaamua kama herufi za kasha la zamani ziyeyushwe. Mzee hajalalamika. Ila juzi nilimkuta akifuta kila herufi kwa kitambaa, na hakukuwa na kazi yoyote ya kuchapa.

Asante, Mzee, kwa kila jina ulilolipanga. Tunakuombea afya njema, mahindi mengi huko shambani kwako Ravine, na miwani isiyopotea.

Wazee wa kamati, wasichana sita wa darasa la saba tuko tayari kujifunza kazi hii, na Mzee amekubali kubaki nasi hadi Krismasi. Naomba jibu Ijumaa hiyo: mtatuachia kasha lile?

Jeruto, Darasa la Saba