Litmasi, Aliyeomba Bati Mbili

Mlioshika karatasi ya ratiba ya mazishi, ukurasa wa pili msiusome. Ulichapwa shuleni kwa hisani ya mkuu wa shule, na kwa hisani tunashukuru, lakini kilichoandikwa humo ni uongo. Eti marehemu "alikuwa shabiki mkubwa wa jukwaa letu jipya la michezo". Mimi ni mdogo wake, tumenyonya ziwa moja. Wasifu wake niliuandika kwa mkono wangu, nikaupeleka shuleni ukachapwe, ukarudi na maneno ambayo si yangu. Kwa hiyo leo nasoma wa kwangu. Anayeona namkosea adabu avumilie kidogo, sitachukua muda mrefu.

Marehemu dada yangu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana ambako baba yetu, naye ni marehemu, alikuwa akipaka rangi mabehewa. Tulizaliwa wawili tu, yeye wa kwanza, mimi wa pili. Alipokuwa na miaka tisa aliponda maua mekundu ya ua wa jirani, akakamua maji yake kwenye kopo la maziwa. Akatia ndimu, maji yakawa mekundu zaidi. Akatia majivu, yakageuka kijani. Akataka kujua kama na kwenye kitambaa yatageuka hivyo hivyo, akachukua shati langu jeupe la shule. Yaligeuka. Aliyechapwa ni mimi, kwa sababu shati lilikuwa langu, na yeye akasimama mlangoni akiniambia, "Vumilia, lakini umeona ilivyobadilika?" Mama yetu, aliyekaa pale mbele, hadi leo hajui ukweli wa shati lile. Mama, ndiyo hivyo. Alikuwa ni yeye.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari hadi 1985. Na hapa nataka walionipotoshea ukurasa wa pili wasikilize vizuri. Dada hakuchukia michezo. Alikimbia mita mia nane peku, kwenye uwanja wa vumbi, na mwaka 1984 akashika nafasi ya kwanza, akapewa beseni. Beseni lile mama alifulia mpaka likatoboka. Kwa hiyo mtu asije akasema hapa kwamba alikuwa na wivu na wakimbiaji. Alikuwa mkimbiaji. Alichokuwa akisema ni kwamba vumbi halikumzuia kukimbia, ila bila neli za kioo na asidi hakuna mtoto atakayejifunza kemia, hata awe na akili kiasi gani.

Baada ya miaka miwili ya chuo cha ufundi, tarehe 4 Februari 1991 aliajiriwa kuwa fundi sanifu wa maabara katika shule hii ambayo wengi wenu mmesoma. Kwa wasioijua kazi hiyo: mwalimu wa kemia akiingia anakuta chupa zimeandikwa, asidi imepimwa, meza zimefutwa. Mwalimu anafundisha, anasifiwa, anatoka. Anayebaki akiosha neli mia mbili na arobaini, na kesho yake akichanganya dawa kali kabla watoto hawajafika, ndiye huyo tuliyemleta hapa leo. Wanafunzi walimpa jina la Litmasi. Siku ya kwanza nilipolisikia nilidhani ni matusi, nikataka kumshika mtu shati. Akaniambia, "Tulia wewe. Ile ni karatasi ya kupimia asidi, inasema kweli papo hapo, na wewe ukipenda unaweza kuitwa hivyo, ila hufai." Nilipewa ukweli wangu papo hapo.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996 na dereva wa lori, shemeji yangu aliyekaa pale karibu na mama. Walijuana kwa chupa. Shemeji alileta shehena ya vyombo vya kioo shuleni, wakati wa kushusha akapasua chupa moja kubwa. Dada akamwambia, "Hiyo utairudisha." Akairudisha wiki iliyofuata. Wiki ya tatu akarudi tena, hana chupa wala mzigo, lori tupu. Dada akamuuliza, "Na leo umevunja nini?" Walijaliwa mabinti wawili, mmoja sasa ni muuguzi, mwingine bado yuko chuoni.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo halipo kwenye ukurasa wenu wa pili.

Ndani ya maabara ile kuna sanduku la kioo la kuchanganyia dawa kali, na juu yake feni ya kuvuta mvuke na kuutoa nje. Aprili 2016 mvua kubwa ilipasua bati mbili za paa, palepale juu ya feni. Maji yakaingia kwenye mota, ikaungua. Dada akaandika barua. Mkuu wa shule, uliyevaa tai nyeusi pale, ulimjibu kwa mdomo: feni mpya haiwezi kununuliwa mpaka paa lizibwe, maana itaungua tena. Jibu la mtu mwenye akili. Basi akaandika barua ya kuomba paa lizibwe. Bati mbili. Hazikuja. Aliandika tena. Barua tisa za bati aliandika, nakala zote ninazo, na majibu yote ninayo pia: hakuna hata moja.

Akawa anawatoa watoto nje. Jaribio linafanyika kwenye baraza, upepo unachukua mvuke. Lakini dawa kali haichanganywi barazani, watoto wanapita. Hiyo alijifungia ndani akaichanganya peke yake, kitambaa puani, ili wale watoto wasivute. Miaka saba.

Tarehe 17 Februari 2018 paliitishwa mkutano wa wazazi. Shule ilipata pesa za ujenzi, na bodi ikaamua pajengwe jukwaa la watazamaji na njia ya kukimbilia ya raba nyekundu. Dada akanyoosha mkono, akasema kabla ya raba tuzibe paa la maabara. Mwenyekiti wa bodi, nawe upo, nakuona, ulisimama ukasema, na watu mia tatu walisikia: "Mama, maabara haionekani barabarani. Jukwaa linaonekana." Watu wakacheka. Dada akajibu, "Kweli haionekani. Ila matokeo ya mtihani yanabandikwa getini, na hayo yanaonekana." Wakacheka tena, halafu wakanyoosha mikono, jukwaa likapita.

Jukwaa mnalijua. Limepakwa rangi, lina viti vya plastiki na paa la kijani. Raba nyekundu nayo imezungushiwa uzio, na uzio una kufuli, kwa sababu eti watoto wakikimbia kila siku itachakaa. Raba ya kukimbilia, isikimbiliwe! Wanafunzi wanafanyia mazoezi kwenye nyasi kando ya uzio, wanaitazama. Kufuli linafunguliwa siku ya wageni. Nimeuliza mara nyingi, wageni wanakuja mara ngapi? Mara moja kwa mwaka, kwa muda wa saa tatu, wanakunywa maji ya chupa na kuondoka. Mimi huu nauita wazimu, na mkitaka kunitoa hapa nitoeni.

Lakini ngojeni, msinipigie makofi. Aliyeezeka lile jukwaa ni mimi.

Mimi ni fundi wa paa, kazi ilitangazwa, nikaiomba, nikaipata. Nilifurahi kweli. Mwezi wa Juni dada aliniletea chai pale, akasimama chini ya kenchi za paa akaangalia juu. "Mdogo wangu, hilo paa linamkinga nani?" Nikamwambia, wageni rasmi. "Na hapo kwenye mvua ya maabara, nani anakingwa?" Nikasema, dada, mimi ni fundi tu, sipangi. Akawanywesha chai mafundi wote, kikombe kwa kikombe, halafu akanivuta pembeni. "Sikiliza. Zikibaki bati mbili, zinatosha. Niezekee pale juu ya feni, hata jioni moja, sitamwambia mtu. Paa likizibwa hawana sababu ya kuninyima feni." Nikamwambia, "Usijali, dada. Hilo nimelibeba."

Zilibaki. Zilibaki bati nne. Mkuu wa shule akaniambia, "Fundi, chukua ni zako, umetufanyia kazi nzuri." Nikasema asante. Nikazipakia. Nikajiambia wiki ijayo nitakwenda maabara, wiki iliyofuata nikapata kazi nyingine, na mvua ikaanza. Banda la kuku nyumbani kwangu lilikuwa linavuja. Basi nikaezekea banda la kuku. Bati zote nne.

Alikuja kutusalimia Desemba ile. Akaona kijani kwenye banda. Mtu kama yeye hakosi kuona rangi. Akasimama kidogo, akasema, "Kuku wako wana bahati." Nikacheka! Jamani, nilicheka, nikadhani ni utani. Hakuniomba tena hata siku moja. Na mimi sikuwahi kumwambia neno, mpaka leo hii, na yeye hanisikii.

Mwaka 2019 alianza kukohoa. Mwaka 2021 akawa anapumzika mara mbili akipanda ngazi za maabara, ngazi tisa tu zile. Mwezi wa nane 2023 akapelekwa hospitali ya rufaa. Daktari akasoma picha, akauliza, "Amefanya kazi kiwandani?" Shemeji akasema, "Hapana, shuleni." Daktari akadhani hakusikika, akauliza tena. Alipoelewa akaandika kwamba mapafu yameunguzwa na mvuke wa miaka mingi. Kitandani kwake muuguzi wa zamu alikuwa akimwambia, "Pumzika, mama." Siku moja akajibu, kwa pumzi aliyokuwa nayo, "Nimelala siku nzima, mwanangu. Kupumzika nimepumzika. Ninachotaka ni kupumua." Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na binti yake muuguzi.

Jana mchana nililetewa ujumbe kwamba shule imeamua jukwaa liitwe kwa jina lake, na kibao tayari kinatengenezwa. Nawajibu hapa hapa mbele yake. Hapana. Kibao hicho msikiweke, na mkikiweka nitapanda na nyundo, na paa lile nalijua msumari kwa msumari. Jina lake likiandikwa popote, liandikwe kwenye mlango wa maabara, siku feni itakapozunguka.

Na bati zile mtaziona mkitoka. Asubuhi hii nimezibandua kwenye banda, zimeegemea ukuta kando ya geti, zina matundu ya misumari yangu na kinyesi cha kuku. Nilizisugua, hakikutoka chote. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuja shuleni na ngazi. Mkuu wa shule, sikuombi ruhusa. Kuanzia hiyo Jumatatu paa halitavuja, na wewe sababu yako uliyoitoa wewe mwenyewe itakuwa imekwisha. Nitakaa barazani nisubiri feni. Nina muda, kwa mara ya kwanza nina muda.

Marehemu ameacha mama, mume, mabinti wawili, mdogo wake mmoja asiyestahili, wanafunzi ambao hakuna anayeweza kuwataja wote, na barua tisa ambazo hazijajibiwa.

Mmezoea hapa msomaji aseme apumzike kwa amani, na nyinyi mwitikie. Dada alishasema kwamba kupumzika amepumzika. Kwa hiyo niitikieni neno alilolitaka yeye.

Dada yangu, upumue.