Kilio Changu Walidhani Igizo

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie wenzangu wa chama chetu cha kuzikana, nashukuru kwa nafasi hii. Mmezoea nikisimama tu mnaanza kucheka hata sijafungua mdomo. Leo naomba mnisikilize kwanza.

Kazi ya kuchekesha niliianzia Rusumo, nikiuza chai kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Siku moja nikawaigiza waombolezaji wa uongo, yule mama anayelia kwa sauti huku jicho liko kwenye sufuria ya nyama. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Igizo hilo ndilo lililonitoa. Nikaitwa kwenye harusi, Ngara mpaka Biharamulo, na kila nilikokwenda waliniomba: tulilie kidogo.

Kisha mama yangu akafariki.

Tulimzika Bugarama. Kaburini nilipewa nafasi ya kushukuru kwa niaba ya familia. Nikasema "Mama," sauti ikakatika, kilio kikanitoka. Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakafuata. Ndugu zangu, nawaambia, nililia mbele ya jeneza la mama yangu na watu wakanicheka, maana kilio cha kweli kilifanana na kile cha jukwaani. Baadhi yenu mlikuwepo. Niliwachukia, sifichi.

Harusi iliyofuata ilikuwa Nyakahura. Nikashika kipaza sauti, nikaona vile vinywa vimekaa tayari kucheka. Neno halikutoka. Wajomba wa bibi harusi wakaanza kunung'unika, mpaka mpiga muziki akanihurumia, akaweka wimbo. Nikatoka kwa mlango wa jikoni. Tangu hapo nikazima simu, nikawa nalima maharage tu, hata nyumbani siongei. Tulikula na baba kimya, nami niliogopa kwamba mdomo wangu ndio umefungwa hivyo.

Ikafika siku ya kuondoa msiba. Kwetu mnajua, siku hiyo mfiwa anarudishwa kazini mbele ya watu. Baba alipewa jembe, akalima kidogo, wakampigia vigelegele. Nami nikanyoosha mkono nipewe langu. Shangazi akalivuta nyuma.

"Wewe jembe lako ni mdomo," akasema. "Lima."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wakicheka, nimerudi kaburini. Wasipocheka, kazi yangu imezikwa na mama. Nikamtazama baba, nikasema lililokuja: "Mama hakuwahi kucheka nikiwa jukwaani. Anakaa mbele, amekunja mikono, kama ng'ombe anayesubiri chanjo. Nikimuuliza, ananiambia, nacheka kwa ndani, nje kuna wageni."

Watu wakatazamana, hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha baba akaanza kucheka, machozi yanamtoka, na uwanja mzima ukamfuata. Nikacheka nami huku nalia, na safari hiyo kila mtu alijua kwamba nalia kweli.

Asante shangazi. Asanteni mliokuja kuniomba radhi, na nyie mliokuja kunipalilia shamba bila kuniuliza neno. Chuki niliyokuwa nayo imekwisha. Ninachowaachia ni hiki: mtu anayewachekesha akilia, msogeeni kwanza, mengine yatafuata.

Na baba yangu yule pale nyuma, amekunja mikono tangu nianze. Msihangaike naye. Anacheka kwa ndani.